Anayelala kidogo na anayelala mno: nani yuko hatarini?

Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo mimi nashindwa kulipuuza. Watu wazima 164 wenye afya njema walivaa kifaa cha mkononi cha kupimia usingizi kwa wiki nzima, kisha wakadondoshewa puani matone yenye virusi vya mafua ya kawaida. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 kwa usiku walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliozidisha saa 7. Huwezi kusema walikutana na wagonjwa wengi kuliko wenzao, kwa kuwa kila mmoja alipewa virusi vilevile.

Mafua, hata hivyo, hayampeleki mtu wodini. Nimonia humpeleka, na huko hesabu inatatiza. Utafiti wa mwaka 2012 uliwafuatilia wauguzi wanawake karibu 57,000 kwa takriban miaka 4. Waliolala saa 5 au pungufu walikuwa na hatari ya nimonia iliyozidi kwa 39% ile ya waliolala saa 8. Waliolala saa 9 au zaidi? 38%.

Kama uchache wa usingizi unadhoofisha kinga, wingi wake unadhoofishaje? Naamini wengi wa wanaolala mno huwa tayari wana ugonjwa ambao haujajitokeza, maana mwili unaopambana na maambukizi huleta usingizi wenyewe. Lakini haki ni haki: hoja hiyohiyo inamgusa anayelala kidogo. Maumivu na kikohozi cha usiku navyo hukatiza usingizi. Watafiti waliwaondoa mapema wenye kisukari, pumu, saratani na magonjwa ya moyo, jambo linalopunguza shaka hiyo bila kuifuta.

Kinachonielemeza upande wa usingizi ni jaribio la chanjo la mwaka 2002. Vijana wa kiume walilala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo, wakachanjwa katikati ya siku hizo. Siku 10 baada ya chanjo, kingamwili zao, yaani askari wa mwili dhidi ya ugonjwa, hazikufika nusu ya zile za wenzao waliolala kama kawaida. Walipolipa deni la usingizi, wiki chache baadaye pengo lilikuwa limezibika.

Anayekesha kwa kukosa usingizi asiisome ile 39% kama hukumu. Kati ya wauguzi wote wale, waliopata nimonia hawakufika 1,000.