Kompyuta ama nyutroni: nani atuambie sumaku zimejipangaje ndani ya fuwele?

Ukikaa na wanafunzi wa fizikia huku kwetu, Maseno ama Kakamega ama Njoro, maneno huishia palepale: difraksheni ya nyutroni (unapiga fuwele na nyutroni, unasoma mpangilio kwa mistari inayotokea zikitawanyika) ni ya nchi tajiri, sisi hatuna riakta, yaani kinu cha nyuklia cha kuzitoa, kompyuta itupigie hesabu yaishe. Na hoja iko na uzito. Shule ya ASESMA, ya kufundisha Waafrika hesabu hizi za kompyuta, ilifanyika Eldoret 2012, programu ya kuzipiga, Quantum ESPRESSO, ni ya bure, ukitaka nguvu zaidi kuna kompyuta kubwa Cape Town. Hakuna unga wa kuchoma kwa tanuru, hakuna viza, na masta inaisha. Nyutroni nayo inataka gramu kadhaa za sampuli, unapanga foleni kuomba muda wa mashine, halafu fuwele yako ikiwa na gadolini ndio shida kabisa maana inameza nyutroni vibaya sana.

Lakini mi naona wengi wanachukulia difraksheni ya nyutroni kama eksirei ya bei ghali tu, na sivyo. Eksirei inagongana na chaji ya elektroni, sumaku ya atomu inaelekea wapi karibu haioni. Nyutroni haina chaji lakini yenyewe ni kasumaku, kwa hivyo inaona. Shull na Smart huko Oak Ridge, Marekani, walipooza oksidi ya manganizi hadi 80 K (kama nyuzi 193 chini ya sifuri), na 1949 wakaripoti kuwa mistari mipya imetokea ambayo eksirei haionyeshi, yaani sumaku za atomu zinapingana, huku mpangilio wao ukijirudia kwa umbali mara mbili ya ule wa atomu zenyewe.

Sasa ongeza dopingi hapo, yaani kubadilisha baadhi ya atomu na za aina nyingine. Wollan na Koehler, hapohapo Oak Ridge, 1955, walikuwa na oksidi ya lanthani na manganizi, wakawa wanatoa lanthani wakiweka kalsiamu pole pole. Bila kalsiamu, safu moja inaelekea huku na inayofuata inaelekea kinyume. Kalsiamu ikifika kama theluthi, zote zinaelekea upande mmoja. Ikiwa kalsiamu tupu, kila jirani anapinga jirani yake. Na pale nusu kwa nusu kukatokea mpangilio wa ajabu, mchanganyiko wa aina mbili, wakauita CE. Hiyo CE ndiyo hunikalia kichwani, maanake nani angeikisia? Kompyuta inakwambia kati ya mipangilio uliyoipa ni upi una nishati ndogo, ni kama kura tu, jina lisipokuwa kwa karatasi haliwezi kushinda.

Na hata jina likiwepo bado. Chukua La2CuO4, oksidi ya lanthani na shaba: hesabu za kawaida zilisema ni metali isiyo na sumaku, nyutroni 1987 zikaonyesha sumaku zake zimejipanga kwa kupingana. Siku hizi watu huongeza ile namba ya U (elektroni za atomu moja zinavyosukumana) na jibu linatoka sawa, lakini U wengi huirekebisha hadi ikubaliane na vipimo, na vipimo vya mpangilio vilitoka kwa nyutroni! Halafu ukiweka strontiamu asilimia 2 tu mpangilio huo unavunjika. Kuiga hiyo kwa kompyuta ni atomu moja ya strontiamu kwa kila fomula 50 zenye atomu 7 kila moja, yaani atomu 350, jaribu hiyo na laptopu.

Kupima tu nguvu ya sumaku pia hakutoshi. Miaka ya 2000 oksidi ya zinki yenye kobalti ilisifiwa sana ati ni sumaku kwenye joto la kawaida, baadaye ripoti nyingi zikaonekana ni vijidonge vya kobalti ama uchafu.

Nikubali pia sampuli ikiwa unga, si fuwele moja kubwa, inachanganya pande zote za fuwele, so kuna wakati mipangilio miwili inatoa mistari ileile na nyutroni haiwezi kuamua. Hapo kompyuta inasaidia kweli.

Ile ya kusema hatuna riakta ndio siikubali. Pelindaba, Afrika Kusini, riakta ya SAFARI-1 iko tangu 1965 na imekuwa na vyombo vya difraksheni. ILL, maabara ya nyutroni ya Grenoble, Ufaransa, inafungua data zake kwa umma baada ya miaka 3, na programu ya FullProf ya kuzichambua ni ya bure, inakaa kwa laptopu ileile ya Quantum ESPRESSO. Mwanafunzi wa Maseno anaweza kuchukua data ya fuwele iliyodopiwa, atoe mpangilio mwenyewe, kisha ndio aulize kompyuta kwa nini umekuwa hivyo, na hiyo ni thesisi nzima bila kupanda ndege.