Buluu ya mrututu si usafi wa maji

Jana jioni mpwa wangu wa kidato cha tatu alinionyesha daftari lake la kemia. Ameandika kwamba mrututu (salfeti ya shaba) mweupe ukigeuka buluu, basi maji hayo ni safi. Pembeni pana tiki nyekundu. Tiki hiyo imeninyima usingizi.

Mrututu ukichomwa hupoteza maji yake ukawa mweupe. Ukiyapata tena hurudi buluu. Unachotuambia ni kwamba maji yapo, basi. Utie maji ya bahari pale Feri, kivuko chetu cha Likoni hapa Mombasa, utie ya mtaroni, buluu ni ileile. Karatasi ya kobalti, inayotoka buluu ikawa waridi, nayo haisemi zaidi. Usafi wa kikemia, yaani maji kutochanganyika na kitu, hupimwa kwa joto la kuchemka: maji matupu huku pwani huchemka kwa nyuzi 100, ingawa nakubali kipimajoto cha shule hakiwezi kuona chumvi kidogo.

Kinachoniuma hasa ni kisima. Kwao Likoni wana kisima cha maji ya chumvi. Ya kunywa hununua kwa mitungi, yaja kwa mkokoteni. Mtoto huyu tangu utotoni ulimi wake wajua maji ya chumvi na maji matamu. Darasani amekariri kwamba kloraidi, iliyomo ndani ya chumvi, hutoa mashapo (chembe zinazojitenga na maji) meupe kwa naitreti ya fedha, lakini hakuna aliyemwambia alete chupa ya maji ya nyumbani! Angetia kwanza asidi ya naitriki, maana kabonati nayo hutoa mashapo ikakudanganya, kisha matone ya naitreti ya fedha. Maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, yangebaki maangavu. Ya bomba yangeingia ukungu. Ya kisima yangekuwa kama tui. Akiongeza amonia ya kutosha, tui hilo lingeyeyuka, naye angejua kwa macho yake kile ambacho ulimi ulimwambia miaka yote.

Naitreti ya fedha ni ghali, sawa. Matone matano kwa kila kundi yatosha.

Na hata maji yaliyobaki maangavu, msiyaite safi. Kipimo hicho hakioni kipindupindu. Mji huu umezika watu kwa maji yaliyoonekana mazuri, ndiyo maana neno hilo halifai kuandikwa ovyo kwenye daftari la mtoto.

Nimemwambia afute "safi", aandike kwamba maji yapo.

"Na alama yangu, mjomba?"

Amwendee mwalimu kwa adabu, nikamwambia, na abebe chupa mbili: moja ya kisima, moja ya mtungi.