Mtambo wa Tumboni

Kwanza ieleweke kwamba mimi pombe sijawahi kuionja. Kanisani kwetu ni mwiko, na marehemu mama alikuwa mkali kuliko kanisa. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna kijiji ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Mwanza, upande wa Sengerema, ambako nikifika leo watu wanafunika ndoo za togwa.

Chanzo ni goti. Nilikwenda zahanati kulalamikia goti, nesi akanipima presha, akakiangalia kitambi changu kama fundi anavyoangalia gari lililopakia kupita kiasi, akasema, "Baba, ugali uwe saizi ya ngumi yako, mboga za majani zizidi, soda acha, chumvi isivuke kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo uhesabu mpaka ile ya kwenye dagaa wa chumvi. Halafu tembea kwa miguu." Akaita mwingine. Dakika tatu tu. Nikatoka nimenuna. Ushauri gani huo? Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuliona darasa, angeweza kuniambia hayo hayo akiwa anachambua mchicha. Mimi nilitaka kitu chenye jina.

Jina nililipata usiku uleule kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja. Kundi lile tulilianzisha kwa ajili ya misiba, sasa limekuwa hospitali. Asubuhi huyu anatuma kwamba kiini cha yai ni sumu, jioni mwingine anatuma kwamba kula mayai sita. Maziwa yanajenga mifupa. Maziwa ni ya ndama, wewe ni ndama? Mmoja alituma onyo kwamba ukinywa maji umesimama yanashukia magotini, na nakiri hilo lilinigusa. Sasa usiku huo ikaingia video ya bwana mmoja kavaa koti jeupe, stethoskopu shingoni, nyuma yake pazia la sebuleni. Akasema adui si mafuta. Adui ni wanga. Ugali, wali, viazi, mkate, ndizi, vyote piga chini, kula mafuta, na mwili utaanza kujila kitambi wenyewe. Inaitwa keto.

"Baba Kulwa," mke wangu akaniuliza, "bila ugali utakula nini?"

"Mafuta."

"Mafuta na nini?"

"Na sato."

Bwana wa koti alisema wanga usizidi gramu 50 kwa siku. Ugali wangu wa mchana peke yake, nikipima unga, ni zaidi ya mara tatu ya hizo. Kwa hiyo ugali ukafa ghafla nyumbani kwangu, kwa upande wangu tu; Kulwa na Doto waliendelea kula huku wananitazama kwa huruma. Mimi nikawa naamkia soko la samaki la Mwaloni Kirumba kutafuta sato mwenye tumbo la mafuta. Parachichi asubuhi, mayai ya kukaanga saa nne, sato mzima mchana, jioni nyama. Siku ya tatu mke wangu aliuliza kwa upole kabisa kama hii keto ina mfadhili.

Juu ya yote hayo kulikuwa na siki ya tufaha, vijiko viwili kabla ya kula. Chupa yake ni ya kioo, kubwa, haibebeki. Nikaimimina nyingine kwenye kachupa bapa ka plastiki nilikokaokota dukani kwangu kwenye marobota ya mitumba. Kamekaa vizuri, kanaingia mfuko wa ndani wa koti bila kuonekana. Kalikuwa ka pombe kali. Nilikaosha mara mbili, lebo ikagoma kutoka.

Pale soko la Mlango Mmoja kuna kijana anazunguka na mizani, shilingi mia tano unapima. Siku ya kwanza alinisoma kilo 94. Siku ya tano, 91. Nilimpa elfu moja nikamwambia abaki nayo, nikapiga picha ule mshale, nikairusha kundini. Pongezi zikamiminika. Nilichokuwa sijui ni kwamba ule wanga mwili unaouweka akiba kwenye ini na misuli unakaa na maji yake, gramu moja ya wanga kwa kama gramu tatu za maji. Ukikata ugali, mwili unaichoma ile akiba na maji yake yanakwenda chooni. Yaani zile kilo nilizowatangazia watu 112, kwa sehemu kubwa, zilikuwa mkojo.

Siku ya sita ikaangukia Jumamosi ya mahari.

Mpwa wangu Maduhu alikuwa amempata Neema, binti wa Sengerema anayesomea uuguzi. Wakwe walitaka ng'ombe kumi na tano, sisi tukisikiliza kumi. Msemaji nikachaguliwa mimi, kwa sifa mbili: nina maneno, na sinywi. Ndivyo shangazi Milembe alivyosema mbele ya kikao: "Apelekwe huyu, angalau atarudi na hesabu zote kichwani."

Tulivuka kwa kivuko cha Kamanga. Upepo ulikuwa mzuri, ila mimi tangu asubuhi kichwa kilikuwa chepesi, miguu si yangu, kinywa kikavu kama gunia. Ukikata wanga namna ile, figo zinatoa chumvi na maji kwa wingi, na mtu anakuwa kama ana homa bila homa. Hili nililijua baadaye. Wakati ule niliamini ni kitambi kinaaga. Nikageuka kuangalia mjini, nikaliona Jiwe la Bismarck, halafu pembeni yake nikaliona la pili.

Shangazi Milembe akaninusa. "Wewe mtoto, umekunywa nini?"

"Siki, shangazi."

Akahama kiti.

Sasa niwaambie kuhusu harufu, maana kesi yote iko hapo. Mwili ukikosa wanga, ini linageuza mafuta kuwa ketoni, ndizo mwili unazitumia badala ya sukari. Mojawapo ni asetoni, jamaa yuleyule wa dawa ya kufutia rangi ya kucha, na huyu hapendi kukaa ndani; anatoka kwa pumzi. Mwenyewe husikii. Aliye mbele yako ndiye anapata kitu kama maembe yaliyosahauliwa siku nne kwenye mfuko wa rambo. Watu wa Kagera wangesema rubisi, ile pombe yao ya ndizi.

Tulipofika, niliteremka kwenye gari, ardhi ikawa chini zaidi ya nilivyotarajia. Nikapiga goti moja mbele ya wazee wa ukweni. Goti lile lile. Wakadhani ni heshima, wakafurahi, "Mhola, mhola!" Nikainuka kuwapa mikono, nikamwinamia mzee mkubwa kumwamkia, na hapo nikaona uso wake ukifunga kama dirisha la duka.

Tukakaribishwa chakula kabla ya mazungumzo. Jamani, ule ugali. Wa udaga, unga wa muhogo, umechanganywa na mtama, rangi ya udongo, unang'aa, moshi unapanda taratibu. Umefinyangwa juu mpaka una mgongo kama wa kiboko. Pembeni sato wawili wa nazi na bakuli la mlenda. Sinia moja, wanaume sita. Wenzangu wakanyofoa matonge. Mimi nikapeleka mkono moja kwa moja kwenye shavu la sato.

Ukweni, mtu anayekula mboga bila ugali anahesabika mroho. Na kumbe kuna jingine sikulijua: pale kijijini wanaokula samaki mtupu ni watu wa kilabuni, wanaosindikizia glasi. Nikamwona mzee anamkanyaga mwenzake mguu. Mimi nikaomba maji. Nikaomba tena. Kikombe cha tatu nikauliza kama kuna chumvi, nikaimwaga kwenye samaki kama mtu anayepanda mtama.

Halafu nikakumbuka vijiko viwili vya siki. Nikajisingizia haja, nikaenda nyuma ya ghala, nikatoa kachupa, nikapiga funda, uso ukakunjamana, nikatetemeka mabega. Nilipofungua macho kulikuwa na mtoto wa miaka sita hivi ananitazama, kidole mdomoni.

Aliwahi kufika kabla yangu.

"Babu, mgeni ana kachupa."

Mzee aliniomba kwa adabu, mkono umenyooshwa. Nikampa. Akasoma lebo, akanusa, akaonja kwenye ncha ya ulimi. Alikaa kimya muda mrefu. "Nimekunywa vitu vingi katika maisha yangu," akasema, "ila huko mjini mnaonewa."

Hapo Neema alikuwa anapita na jagi kutunawisha mikono. Akapiga magoti mbele yangu, akainua uso, akaninusa, akasita. Macho ya nesi yakamwingia. "Baba, samahani. Una sukari?"

Maana harufu ile ile, kwa mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa insulini, ni hatari kubwa, mtu anawahishwa hospitali. Binti alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Ila neno "sukari" liliwapata wazee vibaya kuliko kachupa. Ugonjwa kwenye ukoo wa muoaji! Mzee wa pembeni akasema waziwazi: "Sukari yetu sisi inatutosha, hatuna nafasi ya kuongeza ya watu." Kwa sababu bibi yao anayo, na kimashine kipo ndani.

Kikaletwa. Nikachomwa kidole mbele ya kadamnasi, Maduhu kajiinamia, shangazi Milembe anasali. Nne nukta nne.

"Iko sawa kabisa," Neema akasema.

"Tumshukuru Mungu," mzee akasema. "Basi ni pombe."

Nikasimama kujitetea. Nina maneno, si ndiyo sababu nilichaguliwa? Nikawaeleza kwamba nimeacha wanga, kwamba mafuta ya tumboni yanakwenda kwenye ini, ini linayapika, kinachotoka ni kitu cha moto kinachopanda mpaka mdomoni kama mvuke. Nilikuwa naeleza vizuri sana. Nikaona wazee wanatikisa vichwa kwa pamoja, nikajua wameelewa.

"Ngoja, ng'wanawane," mzee akanikatisha. "Mafuta yanaingia."

"Ndiyo, mzee."

"Yanapikwa humo ndani."

"Ndiyo."

"Mvuke unapanda, na unanukia pombe."

"Siyo pombe hasa, mzee, ni ndugu yake."

Akawageukia wenzake. "Huyu hajanywa. Huyu ana mtambo wa gongo tumboni."

Sijawahi kuona kikao cha mahari kikicheka vile. Shangazi Milembe mwenyewe, dada wa baba yangu, alijifunika khanga usoni na mabega yanaruka. Wazee wakatoka nje kushauriana, wakarudi na sheria: kuingiza pombe kwenye kikao ni faini, na haijalishi kama imeingia kwa chupa au imepikiwa humo humo. Ng'ombe kumi kama tulivyotaka, na juu yake mtamba mmoja. Mtamba kwa mtambo, alisema mzee, na hapo wakaanza kucheka upya.

Wakati watu wanaagana Neema aliniletea bakuli la uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akasimama mpaka nikamaliza. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba chakula kile kilibuniwa Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic ndiye aliyekipa jina, mwaka 1921. Mpaka leo kinasaidia baadhi ya watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza, tena chini ya uangalizi, kila kitu kinapimwa kwa gramu.

"Wewe baba una kifafa?"

"Nina kitambi."

"Zahanati walikwambiaje?"

Nikamwambia yote: ngumi ya ugali, mboga, soda, chumvi, miguu. Alinitazama kwa muda. Akachukua bakuli akaondoka bila kusema kitu, na nadhani hata mimi ningefanya hivyo.

Jumatatu nilipita Mlango Mmoja, yule kijana akanisoma kilo 93 na nusu. Nikampa mia tano yake. Kanisani habari zilitangulia kwa kivuko cha asubuhi. Nilikalishwa benchi la nyuma miezi mitatu, na kwaya ikapata mtunza hazina mwingine. Mtamba nilimlipia mimi, mfukoni kwangu, Maduhu alikataa katakata kuchangia. Kundini sikuandika neno, ila bwana wa koti jeupe bado anatuma video. Sasa hivi yuko kwenye maji ya bamia.

Mwaka jana mkwe alinipigia simu saa moja asubuhi, nikiwa natembea kwenda dukani, maana sasa natembea.

"Mwangaluka, baba. Yule mtamba wako amezaa."

"Hongereni, mzee. Ndama gani?"

"Dume. Tumemwita Mtambo."