Bibi, Si Mimi Niliyekunywa

Chanzo cha yote ni upinde. Kwenye The Witcher 3, gemu iliyotoka 2015, kila Geralt, shujaa unayemwongoza, akipanda daraja unapewa pointi ya kumwongezea ujuzi: upanga, uchawi wa mikono au mambo ya dawa. Mimi nilizijaza kwenye upinde. Niliona kumpiga adui ukiwa mbali ndiyo akili. Binamu yangu wa Masasi alipozikagua alicheka mpaka akapaliwa. "Hiyo ni manati, ndugu yangu. Ndiyo maana hata majini ya kisimani yanakuonea."

Nafuu ni kwamba kuna dawa. Inauzwa krauni 1,000, pesa ya mle ndani ya gemu. Geralt akiinywa, pointi zote zinarudi mkononi, unazipanga upya. Kwa fukara kama mimi krauni 1,000 ni wiki mbili za kuokota panga zenye kutu na kuziuza kijiji kwa kijiji. Sikulalamika, kosa lazima liume kidogo. Kwenye Baldur's Gate 3 ya 2023 kuna mzee mkavu kama kauzu, Withers, anakupangua na kukupanga kwa dhahabu 100 tu, bei ya kunyoa ndevu. Upande wa pili kuna waliocheza Diablo II tangu 2000: ukikosea, ulale na kosa lako au uanze mtu mwingine, hadi sasisho la 2010 lilipompa Akara, mhusika wa mle mle, ruhusa ya kukusamehe. Miaka kumi unatembea na pointi mbovu!

Basi, Jumamosi hiyo nipo sebuleni kwa bibi, Mikindani, padi mkononi, simu kwenye spika, binamu hewani. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho, na babu alikuwa na dawa ya maji aliyoimimina kwenye chupa ya soda na kuificha nyuma ya mlango. Kila mtu alishaonywa kuhusu ile chupa. Nje bibi anatwanga kisamvu.

"Nimekunywa!" nikapiga kelele.

"Yote?"

"Yote! Imefuta kila kitu, sina nguvu hata moja mwilini!"

Kinu kikanyamaza.

Bibi aliingia na mchi mkononi. Akatazama nyuma ya mlango, akanitazama mimi, akapiga ukunga uliofika ng'ambo ya ghuba. Kabla sijajieleza nilikuwa nimeshikwa taya na kikombe cha maziwa kinamiminwa, nusu kooni, nusu kwenye fulana.

"Bibi, si mimi niliyekunywa! Amekunywa Geralt!"

"Jamani, dawa imeshapanda kichwani! Anaita watu nisiowajua!"

Dakika tano baadaye nilikuwa kwenye bodaboda, katikati, dereva mbele, bibi nyuma kanikumbatia, ile chupa ameiviringisha kwenye kanga. Kila tukipita mtu, bibi anatangaza: "Mume wangu anakufa! Mume wangu kanywa dawa ya mikorosho!" Sisi huku mjukuu ni mume wa bibi, utani wa kila siku, lakini dereva nadhani alikuwa mgeni, maana alinitazama kwenye kioo kwa huruma ya pekee.

Zahanati, nesi akauliza nimekunywa nini, saa ngapi, kiasi gani. Bibi akajibu yote. Nesi akaomba chupa. Bibi akaifungua kwenye kanga, mafundo matatu. Nesi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitingisha, akatazama kifuniko. Kilikuwa bado kimezungushiwa mpira wa baiskeli, kazi ya babu.

"Mama, hii imejaa mpaka shingoni. Kanywa nini huyu?"

Nikapata nafasi ya kueleza. Nilieleza vizuri kabisa: Geralt, upinde, pointi, krauni. Nesi alisikiliza kalamu ikiwa hewani, kisha akafunga daftari. Aliyesemwa ni bibi: kwanza sumu haikai kwenye chupa ya soda, pili mtu akinywa sumu usimnyweshe maziwa wala kitu kingine kwa kubahatisha, mlete haraka pamoja na chupa yenyewe. Mimi hakunisema. Alinitazama tu.

Njiani tulirudi kwa miguu, pesa ya boda ilikwisha. Bibi kimya. Tulipofika kwenye mbuyu akasimama.

"Hiyo dawa ya huyo mwenzio. Inafuta makosa yote ya nyuma?"

"Yote, bibi."

"Elfu moja?"

"Elfu moja."

Akafikiri. "Mtafutie babu yako chupa mbili."

Nyumbani tulimkuta mdogo wangu, miaka saba, kakalia kiti changu, padi mapajani. Kwenye skrini Geralt amesimama, na pointi zimeisha.

"Nimekumalizia, kaka," akasema. "Nimeziweka zote huku kwenye vishale. Picha zake nzuri."