Akikasirika tu "yuko kwenye siku zake": PMS inafanya nini kichwani, na wapi tunaisingizia

Kuna kauli nimeisikia tangu niko sekondari na mpaka leo inaniuma, ile mwanamke akipandisha sauti kidogo tu watu wanasema "muacheni huyo, yuko kwenye siku zake". Ofisi niliyokuwa zamani dada mmoja alisimama kwenye kikao akauliza kwa nini ovataimu ya miezi miwili haijalipwa, aliongea kwa uchungu mpaka sauti ikawa inatetemeka, bosi akamgeukia mwenzie akaitoa hiyo kauli, watu wakacheka, kikao kikaendelea na ovataimu haikutajwa tena siku ile. Sa huo ni upande mmoja. Upande wa pili nina mdogo wangu wa tumbo moja ambaye kila mwezi kuna siku kama sita hafanani kabisa na yeye, analia, anaona kila mtu anamchukia, mara moja aliniambia anatamani alale asiamke, halafu hedhi ikianza baada ya siku mbili anaomba msamaha nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia PMS, yaani zile dalili za mwili na hisia zinazomjia mwanamke kabla ya hedhi, ni visingizio vya wanawake siwezi kukubali, na akiniambia hasira ya mwanamke ni homoni tu siwezi kukubali pia.

Kwanza hiyo kauli yenyewe imekosea hata siku. PMS ni mambo ya kabla ya hedhi. Yai likishapevuka ndo dalili zinaanza, wengi ni ile wiki ya mwisho, na damu ikianza kutoka zinapungua ndani ya siku chache. Yaani aliyeko kwenye siku zake mara nyingi ndo kaanza kupata nafuu.

Sasa kichwani kunatokea nini. Watu wengi tunaamini homoni zimezidi, na ukienda kupima damu majibu yanarudi normo unaambiwa huna kitu, unarudi nyumbani na aibu. Ila mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walitoa utafiti ambao kwangu mimi ndo wa kukaa nao. Waliwapa wanawake wenye PMS kali dawa ya kuzimisha kazi ya ovari, na kati ya waliopewa dawa halisi 10 walipata nafuu. Hao 10 wakarudishiwa estrojeni au projesteroni kwa kiwango cha kawaida tu, dalili zikarudi. Wanawake wengine 15 wasio na PMS walifanyiwa hivyo hivyo, wakazimwa, wakarudishiwa homoni zile zile, na mudi zao hazikuguswa. Homoni sawa, kiwango sawa, ubongo tofauti. Tatizo sio wingi wa homoni, ni jinsi ubongo wa huyo mtu unavyozipokea, na kwenye 2017 watafiti wa taasisi hiyo hiyo wakaonyesha kwamba hata seli za wanawake wa aina hiyo zikikuzwa maabara, kuna kundi la jeni (vinasaba) linaloitikia homoni za uzazi kwa namna yake.

Kuna kitu kinaitwa alopregnanoloni, mwili unaitengeneza kutoka kwenye projesteroni, na inafanya kazi pale pale kwenye GABA ambayo ndo breki ya ubongo. Kwa wengi inatuliza. Kwa baadhi ya wanawake kitu cha kutuliza kinawawasha, wanakuwa na wasiwasi, hasira, kila neno linachoma. Na ndo maana dawa za sonona za kundi la fluoksetini zinashangaza hapa, maana kwenye sonona ya kawaida unasubiri wiki kadhaa, ila kwa hawa zinaweza kusaidia ndani ya siku chache na wengine wanazitumia nusu ya mwezi tu, kwa maelekezo ya daktari lakini, msikimbilie duka la dawa.

Halafu kuna amigdala, kile kipande kama lozi ndani kabisa ya ubongo kinachotushtua tukiona hatari au sura iliyokunja, na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso ambayo kazi yake ni kusema tulia, hajakukusudia wewe. Watafiti wamewalaza wanawake wenye PMS kali na wasio nayo kwenye mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha za sura zenye hasira na hofu, na tafiti kadhaa zimekuta kwa wenye PMS kali amigdala inaruka zaidi au sehemu ya mbele inafanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa. Hapa lakini nisiwadanganye, matokeo hayafanani, nyingine zimekuta tofauti ipo mwezi mzima sio kabla ya hedhi peke yake, na nyingi zilikuwa na watu wachache, ishirini ishirini hivi kila kundi. Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni ameweka picha ya ubongo wenye rangi nyekundu anakwambia huu ndo ubongo wa PMS, bado sana.

Na wenye mashaka wana hoja nzito pia. Mwaka 1977 kwenye chuo kikuu cha Princeton, Marekani, wanafunzi wa kike 44, wote wakiwa wamebakiza kama wiki moja kuona hedhi, waliambiwa kuna kipimo kipya kinajua siku zao. Wengine wakaambiwa zimebaki siku moja au mbili, wengine wakaambiwa bado sana. Walioambiwa iko karibu walilalamika zaidi maumivu na mwili kujaa maji, wakati kimwili wote walikuwa sehemu ile ile! Na 2012 timu ya watafiti wa Toronto, Canada, ilipitia tafiti 47 ambazo wanawake walijaza hali zao siku kwa siku, ni kama 15% tu ya hizo tafiti zilizokuta mudi inashuka kabla ya hedhi peke yake, na zaidi ya theluthi hazikukuta uhusiano wowote na mzunguko. Maana yake sehemu ya tunayoita PMS tumefundishwa kuitarajia, na siku mbaya ikiangukia mahali pengine kwenye mzunguko hatuihesabu.

Hofu nyingine ni ya kisiasa na naielewa. Uingereza mwaka 1981 PMS iliingizwa mahakamani kama utetezi kwenye kesi za mauaji, na walipotaka kuiweka ile kali, PMDD, kwenye kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani, watetezi wengi wa wanawake walipinga kwa miaka, ikakaa kwenye kiambatisho tangu 1987 mpaka 2013 ndo ikaingia rasmi. Walisema mkishakubali hili kesho mwanamke ataambiwa hafai kuongoza kwa sababu ya mzunguko wake. Mimi nimeona kikao cha ovataimu, siwezi kuwaambia wameogopa bure. Ila waliolipia hiyo miaka ni kina mdogo wangu. PMDD iliyothibitishwa ni kama 1.6% ya wanawake, ni wachache, ila mtu akisema anataka kujidhuru humwambii ni jamii imemfundisha.

Kinachotenganisha hizi pande mbili kwa mtu mmoja mmoja ni daftari. Madaktari wanataka rekodi ya kila siku kwa mizunguko miwili, sio kumbukumbu, maana kumbukumbu inavutwa na tunachotarajia, kama kule Princeton. Mdogo wangu alichukua kaunta buku, kila usiku anaandika namba 1 mpaka 6 ya hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi, pembeni anaweka mstari mmoja wa kilichotokea. Baada ya miezi miwili namba zilikuwa wazi hata kwa mtoto, wiki mbili za moja moja na mbili mbili, halafu tano tano na sita, halafu damu, halafu moja.

Ila mimi niliposoma ile mistari ya pembeni ndo nilikaa chini. Siku ya 25 tangu hedhi ianze, hasira 6: "sahani sebuleni tena, nimelia nusu saa". Nikarudi nyuma siku ya 9, hasira 2: "sahani sebuleni tena, nimeosha nikanyamaza". Siku ya 13 hivyo hivyo. Sahani zilikuwepo mwezi mzima. Ubongo wake kabla ya hedhi ulikuwa unashindwa kunyamaza, hilo ni kweli na anastahili tiba, ila haukuzizua sahani, na shemeji alikuwa anamjibu siku ya 25 tu, tena kwa kauli ile ile ya siku zake.

Namba alimpelekea daktari, wakaanza dawa na wanaendelea kufuatiliana. Mistari ya pembeni alimsomea mumewe, na alichagua kumsomea siku ya 10, akiwa ametulia kabisa, sauti haitetemeki.