Majivu ya Volkano: Mbolea au Balaa la Shamba?

Volkano ikilipuka, mabishano kuhusu mashamba huanza hata vumbi halijatulia. Kuna wanaosema ardhi imekufa. Kuna wanaojibu kwamba majivu ni mbolea, na kwamba miteremko ya volkano imelisha watu tangu zamani. Kila upande una ushahidi wake, ila mmoja unatazama mwezi wa kwanza na mwingine unatazama miaka mia kadhaa.

Tuanze na mwezi wa kwanza. Majivu haya hayana undugu na yale ya kuni, ambayo hupunguza tindikali ya udongo. Ni chembe za kioo na mwamba zisizozidi milimita 2, na zikiwa bado angani hushikwa na gesi za volkano zenye salfa, klorini na florini, ambazo huacha chumvi na tindikali juu yake. Mvua ya kwanza huosha chumvi na tindikali hizo na kuziteremsha ardhini. Tabaka la juu la udongo huchachuka, na pH (kipimo cha tindikali; inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) ikishuka chini ya 5 hivi, alumini iliyokuwa imefungwa kwenye udongo huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Udongo wenye mboji nyingi au chokaa huhimili tindikali hiyo vizuri. Wa kichanga hauna cha kujikingia.

Wanaohofia majivu hupenda kutaja mlipuko wa volkano ya Laki, nchini Iceland, mwaka 1783. Takriban asilimia 80 ya kondoo walikufa, na njaa iliyofuata iliua kama moja ya tano ya watu. Ni ushahidi mzito, lakini nadhani hutumiwa vibaya. Sehemu kubwa ya madhara ya florini yalipitia kwenye nyasi zilizochafuliwa, mnyama akala. Florini ikishaingia kwenye udongo, nyingi hunaswa na alumini na chuma, na mmea huipata kwa shida. Kwa hiyo Laki inatufundisha kuhusu malisho zaidi kuliko kuhusu kemia ya udongo.

Upande wa pili nao una mfano wake unaopendwa. Mwaka 1980, baada ya Mlima St. Helens kulipuka, mavuno ya ngano na tufaha mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, yalizidi ya kawaida. Basi majivu yakapewa sifa zote. Ukweli ni kwamba mvua za kiangazi hicho zilikuwa nzuri. Mchango wa majivu ulikuwa kusaidia kuhifadhi unyevu, tena pale tu yalipotanda kwa wembamba. Mfano wenye nguvu zaidi ni wa volkano ya Ruapehu, New Zealand, mwaka 1995 na 1996. Majivu yake yaliongezea malisho salfa, kirutubisho ambacho wafugaji hukinunua. Hata hapo faida ilikuja pamoja na tindikali kidogo.

Kinachosahaulika na pande zote mbili ni nitrojeni. Majivu huleta kalisiamu, magnesiamu, potasiamu na fosforasi kidogo, lakini nitrojeni karibu hayana. Ndiyo maana kwenye uwanda wa mawe mepesi chini ya St. Helens, mmea wa kwanza kushika mizizi ulikuwa lupini, wa jamii ya kunde, ambao bakteria wa mizizi yake huvuta nitrojeni kutoka hewani. Mkulima anayesubiri majivu yamlishie mahindi peke yake atasubiri sana.

Na zile karne zinazosifiwa? Kioo huoza haraka kuliko madini mengi, hasa penye joto na mvua. Majivu ya basalti, mwamba mweusi wenye silika kidogo, huoza mapema na kutoa kalisiamu na magnesiamu nyingi. Yenye silika nyingi huchelewa. Mwishowe hupatikana udongo mwepesi, mweusi, unaoshika maji na mboji kwa namna ambayo udongo mwingine hauiwezi. Sifa hizo ni za kweli. Lakini madini yaleyale yanayoupa udongo huo ubora, hasa alofani, madini laini yanayotokana na kuoza kwa kioo cha majivu, hunasa fosforasi kwa nguvu. Mkulima humwaga mbolea ya fosfati na mmea unapata sehemu ndogo tu. Kwa hiyo hata udongo wa volkano uliokomaa una gharama yake, na sijui kwa nini wanaousifu huiruka.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza baada ya mlipuko ni unene wa majivu. Yakiwa ya milimita chache, jembe linayachanganya na udongo wa zamani, na pH inaweza kurekebishwa kwa chokaa ikipimwa. Yakifika sentimita kumi na zaidi, hewa na maji hupenya kwa shida, chembe laini hugandamana juu kama saruji, na udongo wenye mboji unabaki umefukiwa. Shamba la namna hiyo linahitaji kulimwa kwa kina hadi udongo wa zamani urudi juu, au majivu yaondolewe kabisa, kabla ya mtu kuanza kupiga hesabu ya mbolea.