Chunya haikuishiwa dhahabu

Ukiuliza kwa nini miji ya zamani ya dhahabu iligeuka mahame, utajibiwa kwamba dhahabu iliisha. Kwa eneo la Lupa, Chunya, mkoani Mbeya, jibu hilo si kweli. Kilichoisha ni faida.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922. Mwanzoni kazi ilikuwa ya makorongoni: sepetu, karai, maji na mgongo wa kuinama. Rashi yenyewe, yaani watu kumiminika kufuata dhahabu, ililetwa na bei. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake kwenye dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha wakia kutoka dola 20.67 hadi 35. Mwamba uliokuwa haulipi ukaanza kulipa, na Chunya ikawa mji.

Bei hiyohiyo ndiyo iliyouua. Dola 35 ilibaki kuwa bei rasmi hadi mwaka 1971, huku baada ya Vita vya Pili dizeli, chuma, baruti na mishahara vikipanda. Mgodi wa Saza, kwenye eneo hilohilo la Lupa, ulifungwa mwaka 1956. Wa Geita ukafuata mwaka 1966, na sote tunajua dhahabu iliyotoka Geita tena kuanzia mwaka 2000. Hata jirani na Saza, mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012.

Kina nacho kilichangia. Juu, mwamba umeoza na kuwa mwekundu kama kutu, na chembe za dhahabu ziko huru; ukisaga, zebaki inazinasa. Ukishuka chini ya usawa wa maji unakutana na mwamba mgumu wenye salfaidi (madini yenye salfa), dhahabu imejifungia ndani yake na zebaki haiigusi. Hapo pampu haizimwi usiku wala mchana, matimba (magogo ya kuzuia kuta zisibomoke) yanaongezeka, na gramu unazopata kwa kila tani zinapungua. Duara, yaani shimo la mchimbaji, linaachwa likiwa bado na mali.

Mali nyingine imelala juu ya ardhi. Zebaki mara nyingi hunasa chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, kwa hiyo kilichobaki kwenye marudio (mchanga uliokwisha kusagwa na kupitishwa zebaki) ndicho kinachozilisha plenti za leo, yaani mitambo ya kuchenjua. Marudio hupakiwa kwenye tangi la saruji, huchanganywa na chokaa hadi pH (kipimo cha asidi) ifike kama 10.5, kisha maji ya sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, hupitishwa taratibu na kwenda kwenye kaboni inayoinasa. Chokaa ikipungua, sayanidi hugeuka gesi: umepoteza fedha, na aliyesimama karibu anaweza kupoteza uhai. Udongo wa mfinyanzi ukizidi, maji hayapenyi. Shaba ikiwa nyingi, inakula sayanidi kabla ya dhahabu. Wanaokimbilia kujenga tangi bila kupima sampuli hujifunza haya kwa hasara, na wakishafilisika hakuna wa kuondoa rundo lile lenye sumu.

Sasa bei iko juu tena, soko la madini lipo na makarasha, mashine za kusaga mawe, yananguruma. Nasikia watu wakisema safari hii Chunya haitalala. Sioni msingi wa matumaini hayo. Dhahabu ikishuka bei au dizeli ikipanda, mwenye karasha atahamia kwenye rashi nyingine, tena kwa haraka kuliko kampuni za miaka ya 1950, maana mashine yake inapanda lori. (Fuso moja inatosha.)

Kwa maoni yangu, mwenye plenti aweke amana ya kufukia marudio kabla ya kupewa kibali, na mwenye duara aweke ya kuziba shimo, kwa sababu matimba yakioza na masika yakiingia, mdomo wa duara hubomoka. Nao ushuru wa huduma unaotozwa na halmashauri usiishie kwenye kujenga vibanda vya biashara. Baada ya migodi kufungwa, kilichowapa watu wa Chunya kipato ni tumbaku, ng'ombe na asali. Mabwawa, majosho na barabara za kufika mashambani ndivyo vianze kupata fedha hiyo, sasa hivi wakati ipo.